Sanaa ya vitu chakavu katika Afrika Mashariki

Sanaa ya vitu chakavu ni kazi ya sanaa au ya ufundi inayotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika na kutupwa, kama vile vyuma vya magari, makopo, vizibo vya chupa, matairi, ndala, mbao za majahazi na mabaki ya vyombo vya umeme. Katika Afrika Mashariki inapatikana kwa wahunzi wa vijijini, kwa mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi, kwa wasanii wanaoonyesha kazi zao katika majumba ya sanaa ya Ulaya, kwa watengenezaji wa filamu wa Kampala, na kwa watoto wanaojitengenezea magari ya waya.

Mara nyingi sanaa hii huelezwa kuwa ni tunda la umaskini: mtu hana malighafi mpya, basi anatumia ya zamani. Maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu tu. Katika kazi nyingi zinazojulikana, kitu kilichotupwa ndicho kilichoanzisha wazo, ama kwa umbo lake, ama kwa rangi yake, ama kwa historia iliyobaki ndani yake. Mwingine alipata wazo kwa kuwatazama watoto wakicheza, mwingine kwa kusimuliwa filamu ambayo hakuiona. Uhaba ulikuwepo, lakini uhaba peke yake hauelezi kwa nini kipande cha chuma kimekuwa miwani na si ndoo.

Kitu na wazo

Sanaa ya vitu chakavu hutofautiana na urejelezaji wa kiwandani. Katika urejelezaji kitu huyeyushwa au kusagwa hadi umbo lake la kwanza lipotee. Chupa inakuwa chembe za plastiki na chembe zinakuwa ndoo. Msanii wa vitu chakavu kwa kawaida huacha alama ya kitu cha kwanza ionekane. Mtazamaji anamwona ndege, kisha anagundua kwamba mkia wake ni kijiko. Sehemu kubwa ya mvuto wa kazi iko katika ugunduzi huo wa pili.

Katika sanaa ya Ulaya njia hii ilipata jina mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1913 Marcel Duchamp alichukua gurudumu la baiskeli na kulisimamisha juu ya stuli. Mwaka 1942, Paris ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, Pablo Picasso aliunganisha tandiko la baiskeli na usukani wake, vikawa kichwa cha fahali chenye pembe. Hakuongeza kitu kingine. Kazi yote ilikuwa katika kuona kwamba tandiko lina sura ya uso wa mnyama.

Barani Afrika msanii anayetajwa zaidi ni El Anatsui, mzaliwa wa Ghana (1944) aliyeishi na kufundisha kwa miaka mingi huko Nsukka, Nigeria. Yeye huunganisha maelfu ya vizibo na vipande vya shingo za chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vinakuwa kama kitambaa kikubwa kinachotundikwa ukutani. Pombe kali ilikuwa mojawapo ya bidhaa ambazo Wazungu walibadilishana na watu katika biashara ya pwani ya Afrika Magharibi, kwa hiyo vizibo hivyo vinabeba historia pamoja na rangi zake. Mwaka 2015 Anatsui alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maisha yote katika maonyesho ya Venice.

Ufipa: kutoka tanuri hadi springi ya gari

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa katika mkoa wa Rukwa, Tanzania, una historia ndefu ya chuma. Wafipa waliyeyusha mawe yenye chuma katika matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu (umoja: ilungu). Tanuri la namna hiyo lilikuwa refu kuliko mtu, mengine yakifikia mita 3 hivi, na halikuhitaji mivukuto: joto lililopanda juu lilivuta hewa kupitia mabomba ya udongo yaliyowekwa kwenye matundu ya chini. Mkaa na mawe vilipangwa kwa tabaka, na moto uliachwa uwake kwa muda mrefu. Bonge lililotoka humo bado lilikuwa na uchafu mwingi. Lilisafishwa katika tanuri dogo linaloitwa kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto, kisha mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko na dawa zake. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi, na chuma kilichotoka ndani yake kilihesabiwa kuwa kimezaliwa. Jembe lilikuwa zana ya shamba na pia mali, likiwa sehemu ya mahari.

Uyeyushaji ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Majembe yaliyoletwa kutoka viwanda vya Ulaya yaliuzwa kwa bei ambayo tanuri la udongo, pamoja na miti na siku nyingi za kazi lilizohitaji, halikuweza kushindana nayo. Lakini kilichokoma ni uyeyushaji, uhunzi haukukoma. Kama wenzao wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki, wahunzi waliacha kutafuta chuma katika mawe wakaanza kukitafuta katika vitu vilivyochoka. Kilichopendwa zaidi ni springi za gari, yaani yale mabamba marefu yanayobeba uzito wa lori juu ya ekseli. Chuma chake kina kaboni ya kutosha kushika makali, unene wake unatosha panga, na tayari kimepinda kidogo, hivyo fundi anayekiokota anaona upanga uliokwisha kuanzwa. Kwa njia hii lori lililoharibika barabarani likachukua nafasi ya mlima wa mawe.

Mabadiliko hayo yalikuwa na hasara yake. Ujuzi wa kujenga ilungu, kuchagua mawe na kusoma rangi ya moto haukuhitajika tena, na wazee walioujua walifariki wakiwa na wanafunzi wachache au bila mwanafunzi. Watafiti wamewahi kuwaomba wazee wa Ufipa wawaonyeshe kazi hiyo ili iandikwe kabla haijasahaulika kabisa. Yaliyobaki ni magofu ya malungu yaliyosimama hapa na pale, na mavi ya chuma, yaani takataka za tanuri zilizotupwa pembeni. Takataka hizo zimekuwa hazina kwa wanaakiolojia, kwa sababu ndani yake kunasomeka aina ya mawe yaliyotumika na kiwango cha joto kilichofikiwa.

Siku hizi kitu chakavu kinachoonekana zaidi kwenye barabara za Ufipa ni mkokoteni wa ng'ombe. Kilimo cha plau kimeenea sana uwandani, na mikokoteni ya mbao hufungwa juu ya ekseli na magurudumu ya gari kuukuu. Inabeba mahindi na maharage kutoka mashambani hadi masoko ya manispaa ya Sumbawanga, ambayo kata ya Malangali ni mojawapo ya kata zake. Gari lililokwisha kufa kwa mwenyewe huendelea kutembea miaka mingi likivutwa na ng'ombe.

Nyumbani na barabarani

Vitu vingi vya namna hii havijawahi kuitwa sanaa na wala watengenezaji wake hawaitwi wasanii. Koroboi, au kibatari, ni kopo lililotobolewa na kutiwa utambi. Jiko la mkaa hukatwa kutoka kwenye debe au pipa. Katambuga ni viatu vya tairi, vinavyoitwa akala nchini Kenya. Vinajulikana kwa kudumu kuliko mguu wa gari ulikotoka. Mashariki mwa Kongo, hasa mjini Goma, vijana husafirisha mizigo kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo magurudumu yake huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Chukudu inaheshimiwa kiasi kwamba mjini humo imesimamishwa sanamu ya mtu akiisukuma.

Watoto nao wana karakana yao. Magari ya waya yenye usukani mrefu, magurudumu ya vizibo au ya ndala iliyokatwa, na mpira wa chandimu uliofungwa kwa matambara na mifuko, vimetengenezwa na vizazi vingi bila mwalimu. Nyenzo zake hubadilika na nyakati. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na mojawapo ya malighafi kuu za mipira hiyo ikaanza kuadimika.

Tingatinga na rangi ya baiskeli

Mtindo wa uchoraji wa Tingatinga hautokani na vitu vilivyotupwa kwa maana kamili, kwa sababu Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, alinunua vifaa vyake. Lakini alivitoa mahali ambapo hakuna mchoraji aliyetarajiwa kuvitafuta. Alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 hakutumia turubai wala rangi za wasanii. Alichora juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kutengenezea dari, kwa rangi ya mafuta inayong'aa iliyouzwa madukani kwa kupaka baiskeli na nyumba.

Sura ya mtindo wenyewe inatokana kwa kiasi kikubwa na vifaa hivyo. Rangi ya baiskeli hukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa, haichanganyiki vizuri kwa vivuli laini, na inapendeza zaidi inapowekwa bapa, rangi moja kando ya nyingine. Ndiyo maana chui na ndege wa Tingatinga wana mipaka mikali na mandhari ya rangi moja. Kama angepewa rangi za maji, pengine pangekuwa na mtindo mwingine kabisa.

Tingatinga aliuza picha zake eneo la Oyster Bay na akafundisha jamaa na marafiki wachache. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani kwamba gari alimokuwa lilikuwa la wahalifu. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kiliundwa.

Nairobi

Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ni maarufu kwa miwani mikubwa anayoitengeneza kwa waya, vijiko, vizibo, nyavu na vipande vya vyombo vya umeme, kazi anazoziita C-Stunners. Alikulia karibu na jalala kubwa la jiji, na amesema mara nyingi kwamba asubuhi yake ilianza kwa kulitazama. Asili ya miwani yenyewe ni ya kifamilia. Baba yake alipokuwa mtoto alinunuliwa miwani, ikaharibika, akaadhibiwa vikali, na tangu hapo akaichukia. Kabiru alipoomba miwani alikataliwa na kuambiwa ajitengenezee yake kama anaitaka. Akajitengenezea. Miwani ya Kabiru haisaidii kuona kwa maana ya kawaida. Mingine inaziba macho kabisa. Anayeivaa ndiye anayetazamwa. Katika kazi nyingine Kabiru ametumia sehemu za baiskeli nzito za kizamani zinazojulikana kwa jina la Black Mamba, ambazo pikipiki za bodaboda zimezisukuma pembeni.

Kioko Mwitiki ni wa kizazi kilichotangulia, na anajulikana kwa sanamu za wanyama, hasa tembo, zilizochomelewa kutoka vyuma chakavu. Dickens Otieno hukata makopo ya soda na bia kuwa nyuzi nyembamba kisha anazifuma kama kitambaa. Ukikaribia bado unasoma herufi za majina ya vinywaji. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa wasanii wanne walioiwakilisha Kenya katika maonyesho ya Venice.

Pwani: ndala na jahazi

Bahari ya Hindi huleta ufukweni takataka za nchi nyingi, na ndala ni mojawapo ya zinazoelea vizuri zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mhifadhi wa bahari Julie Church alikuwa akifanya kazi kaskazini mwa Lamu, karibu na kisiwa cha Kiwayu. Huko aliona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndala zilizotupwa na maji. Akawashawishi akina mama waziokote, wazioshe na kuzichonga. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Ocean Sole, ambayo hugandisha ndala nyingi pamoja kwa gundi kuwa bonge moja, halafu bonge huchongwa kama mti kuwa twiga, kasa au kifaru. Rangi hazipakwi, ni zile zilizokuja na ndala, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zenye milia inayofanana. Kati ya visa vyote vya ukanda huu, hiki ndicho kinachoonyesha wazi zaidi kwamba wazo la biashara nzima lilikuwa tayari mikononi mwa watoto.

Kisa kikubwa zaidi cha pwani ni jahazi la Flipflopi. Wazo lilianza mwaka 2016 kwa Ben Morison, aliyekasirishwa na plastiki aliyoiona kwenye fukwe za Kenya. Kazi ilimwangukia Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu aliyetoka katika ukoo wa waunda vyombo. Jahazi la plastiki halikuwa na mfano wa kuigwa. Mkuku wa jahazi la kawaida, mataruma na mbao zake, hutegemea tabia za miti ambazo fundi amezijua tangu utotoni: upi unapinda, upi unapasuka, upi unastahimili maji ya chumvi. Plastiki haina nyuzi, ni nzito, inatanuka kwa joto na haishiki msumari kwa namna ileile. Takataka ziliyeyushwa na kumiminwa kuwa mihimili na mbao, kisha zikachongwa na kuunganishwa kwa taratibu zilezile za waunda majahazi. Ilikuwa lazima mikono iliyozoea mti ijifunze upya.

Chombo hicho chenye urefu wa mita 9 hivi kilitumia takriban tani 10 za plastiki, na mwili wake ukafunikwa kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000. Vipande hivyo vya rangi havishikilii chombo; vinafanya watu wakitazame. Kilishushwa majini Lamu mnamo Septemba 2018. Kati ya Januari na Februari 2019 kilisafiri kilomita 500 hivi kutoka Lamu hadi Zanzibar, kikisimama katika miji na vijiji vya pwani kuzungumza na watu kuhusu plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa. Mwaka 2021 kilipelekwa Ziwa Victoria, kikazunguka katika maji ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa Lamu kuna jambo jingine nyuma ya mradi huu. Mbao nzuri za kuundia majahazi zimekuwa ghali na adimu, boti za faiba zimechukua kazi nyingi za majahazi, na vijana wanaojifunza ufundi huo wamepungua. Jahazi la takataka limewapa mafundi kazi na wanagenzi kwa wakati uleule ambao majahazi ya mti yanapungua.

Filamu zinazosimuliwa

Mawimbi ya bahari yana historia yake katika ubunifu, ingawa ilipita mbali na pwani ya Waswahili. Katika sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni, na ndiyo sababu mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao haukukua kama kule Hawaii au California. (Mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa, unaotegemea upepo wa kusi na kaskazi, umeota mizizi Paje na Diani.) Filamu mashuhuri ya mchezo wa mawimbi, The Endless Summer ya Bruce Brown iliyoonyeshwa katika majumba ya sinema mwaka 1966, iliwafuata vijana wawili wa California wakizunguka dunia. Barani Afrika walifika Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini.

Filamu hizo za kwanza zilitengenezwa kwa fedha kidogo, na mara nyingi hazikuwa na sauti. Mtengenezaji alisafiri na mashine yake ya kuonyeshea, akakodi ukumbi wa shule, akasimama kando ya pazia na kusimulia kwa mdomo huku picha zikipita. Brown mwenyewe alifanya hivyo. Waliokuwa wakizitazama walitaka kuteleza hata siku zisizo na mawimbi; vijana wa California wa miaka ya 1950 wakapigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza chini ya kipande cha ubao, na hapo ukazaliwa mchezo wa skeitibodi. Mchezo huo ulifika Kampala baadaye, ambako vijana wa Kitintale walijenga kwa mikono yao uwanja wa saruji mwaka 2006, mbali kabisa na bahari.

Mtindo wa kusimulia filamu mbele ya watu ulizuka pia Afrika Mashariki bila uhusiano na California. Katika vibanda vya video, ambako filamu za Marekani, Hong Kong na India zilionyeshwa kwa watu wasiojua lugha zake, msimulizi alichukua maikrofoni akatafsiri, akaeleza, akatania na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda wasimulizi hao huitwa VJ. Filamu ya kigeni iliyochakaa kwa kunakiliwa mara nyingi ikawa malighafi ya kazi mpya.

Hapo ndipo ilipotoka studio ya Wakaliwood. Isaac Nabwana, mkazi wa Wakaliga jijini Kampala aliyekuwa akifyatua matofali, hakuruhusiwa kwenda kwenye vibanda alipokuwa mtoto. Kaka zake walikwenda, wakarudi na kumwigizia waliyoyaona. Filamu za mapigano alizipenda kwanza kwa masimulizi, na picha alizijaza mwenyewe kichwani. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina lililounganishwa kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica.

Karibu kila kinachoonekana katika filamu zake ni kitu chakavu. Kompyuta ziliunganishwa kutoka sehemu za kompyuta zilizokufa. Fundi wa studio, Dauda Bisaso, alitengeneza bunduki za bandia kutoka mabomba na vyuma vya skrepa, na vifaa vya kuinulia kamera kutoka vipuri vya magari. Damu ilijazwa katika kondomu iliyofichwa chini ya shati na kupasuliwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Waigizaji walikuwa majirani, na walipata chochote kwa kuuza nakala za filamu nyumba kwa nyumba kabla maharamia hawajaanza kuzirudufu. Muda huo haukuzidi siku chache.

Filamu yao inayojulikana zaidi, Who Killed Captain Alex, ilitengenezwa mwaka 2010 kwa kiasi kinachotajwa kuwa chini ya dola 200. Kipande chake cha matangazo kilisambaa duniani kupitia intaneti. Lakini nakala halisi haipo. Nabwana hakuwa na nafasi ya kutosha kwenye kompyuta, na ili atengeneze filamu iliyofuata alilazimika kuifuta iliyotangulia. Iliyosalia ni nakala ya ubora wa chini yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akicheka na kushangilia kama mtu aliyeketi kibandani. Wapenzi wengi wa filamu hiyo hawaitenganishi na sauti hiyo. Hawajawahi kuiona bila yake, na hawataiona. Mwaka 2022 studio ya Wakaliga ilialikwa katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani.

Silaha

Nchini Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1992, bunduki nyingi zilibaki zimefichwa majumbani na ardhini. Kuanzia mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji liliendesha mpango wa kuzipokea na kumpa mleta silaha baiskeli, cherehani, mabati au zana za kilimo. Silaha zilikatwa zisitumike tena, na baadhi wakapewa wasanii. Kiti cha enzi cha Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, kilichotengenezwa mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki, kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Katika kazi hii historia ya kitu ndiyo kila kitu. Kiti hichohicho kikitengenezwa kwa mabomba ya maji kisingekuwa na maana.

Malighafi na bei

Vitu chakavu si vya bure kama inavyodhaniwa. Skrepa hununuliwa kwa kilo, na fundi hushindana na viwanda vya nondo na wauzaji wa nje ambao wanachukua kwa tani. Bei ya chuma duniani inapopanda, springi ya gari hupanda pia karakanani. Kupanda huko kuna upande mwingine: alama za barabarani, mifuniko ya mitaro na vyuma vya madaraja huibwa ili viuzwe kama skrepa.

Afya ya mafundi ni suala lisilozungumzwa vya kutosha. Wengi huchomelea bila kioo cha kukinga macho, na kuchoma plastiki au waya ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu. Betri za magari zina risasi, ambayo hudhuru zaidi watoto wanaocheza karibu na karakana.

Kuhusu soko, sanamu za ndala na za chuma hununuliwa zaidi na watalii na wageni. Wakati wa UVIKO-19 watalii walipokosekana mwaka 2020, wauzaji wa kazi za sanaa wa pwani na wa Nairobi walibaki na mizigo yao. Mkokoteni, katambuga na jiko havikupata mtikisiko huo, kwa sababu wanunuzi wake wako palepale.

Mnamo Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na sehemu kubwa ya nchi kukosa umeme. Katazo lililenga wezi na wauzaji wakubwa, lakini fundi wa jua kali naye hupata vyuma vyake kwa wachuuzi walewale wa mikokoteni. Biashara ilifunguliwa tena miezi kadhaa baadaye, kwa masharti makali zaidi ya leseni.